Hodi kwenye Mlango wa Baroko

Ifakara,
3 Julai 1956

Mpwa wangu Donati,

Salamu hizi ni za asubuhi, lakini sijui zitakufikia saa ngapi wala mwezi gani, kwa hiyo zipokee hivyo hivyo. Marahaba ya shikamoo yako ya mwezi wa nne. Imefika juzi imechoka, maana lori la posta lilikwama Kidatu, na watu wanasema dereva amepata mchumba huko huko. Mama yako Konsolata hajambo, yuko Lupiro anavuna mpunga. Kila nikimwona ananiuliza kama huko Uswisi kuna mtu wa kukufulia nguo. Nikamwambia Uswisi nguo hazifuliwi, zinaganda zenyewe na uchafu unadondoka. Akalia. Ukimwandikia umwambie nilikuwa natania, mimi hanisikii tena.

Sasa sikiliza. Zile kadi za picha ulizonitumia, za makanisa ya huko, nilizibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Padri Theodori alikuja kuniuliza kwa nini Jumapili sikuonekana Misani, akaziona, akasahau kilichomleta. Akasema hii ni Baroko, na hii ni Baroko, na hii pia. Nikaitikia kila mara kama mtu anayejua. Kumbe alikuwa na shida yake. Wakristo wa Lumemo wanalalamika kwamba kigango chao kinafanana na ghala la mpunga, na yeye anataka watu wazima wafundishwe jioni habari za makanisa, yalivyojengwa na kwa nini. Nani mwenye picha Ifakara nzima? Mimi. Nani aliyesoma? Mimi pia, darasa la pili na nusu. Nusu iliyobaki ilichukuliwa na vita ya Mjerumani na mpaka leo hawajairudisha.

Nimekwisha kufundisha mara mbili, kwa kutazama tu. Niliwaambia hivi: mtakatifu wa zamani alichongwa amesimama wima, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe barazani. Mtakatifu wa Baroko amechongwa wakati nyuki wamekwisha mwona. Tazameni nguo, tazameni mikono. Wakaelewa wote.

Shida ni maswali. Kasmiri mvuvi, unamkumbuka, yule wa mdomo mrefu, aliuliza wale watoto wanene wenye mabawa wanarukaje. Alisema bata ana mabawa makubwa kuliko hayo na bado anatembea kwa miguu. Watu wakacheka mpaka somo likafa. Halafu kuna Yosefina wa Lumemo, mfinyanzi, mjane wa marehemu Antoni. Yeye aliuliza swali la maana. Kazi ya nguzo ni kusimama, alisema, sasa hizi za kwenye picha kwa nini zimesokotwa kama nguo inayokamuliwa? Nikamwambia jibu lake ni refu, linakuja kwa posta.

Kwa hiyo niandikie upesi: Baroko ni nini, ilianza lini, na nani aliiruhusu. Kwa Kasmiri sina haraka. Jibu la Yosefina ndilo litangulie.

Mjomba wako,
Hermenegildi


Uswisi,
12 Agosti 1956

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ingawa hapa wananilisha jibini, yaani maziwa yaliyosahaulika mpaka yakawa jiwe. Wasalimie wote, na mama mwambie nguo zangu nafua mwenyewe.

Nimefurahi sana na pia nimeogopa. Mimi mwenyewe katika chuo hiki cha kuchonga na kujenga makanisa nakaa benchi la nyuma, na katika kila maneno matatu ya mwalimu nadaka moja. Lakini nitakupa nilichodaka.

Ilianza Roma, imepata miaka mia tatu na hamsini. Wakristo wengi wa Ulaya walikuwa wamejitenga, wakapaka chokaa makanisa yao na kusema picha hazina kazi. Waliobaki wakajibu kwa kufanya kinyume: dhahabu zaidi, picha zaidi, mwanga unaotoka pembeni na kumwangukia mmoja tu gizani. Walitaka mtu akiingia asielewe kwa kichwa peke yake, bali ashtuke mwili mzima. Jina lenyewe, wanasema, lilitokana na lulu isiyo duara, iliyopinda, na mwanzoni lilikuwa dhihaka.

Nguzo zimesokotwa ili uone uzito ukifanya kazi. Mwanamke aliyebeba mtungi wa maji hasimami kama mti, shingo na kiuno vinajibu mzigo. Ndivyo nguzo ile. Mwambie hivyo huyo mwanafunzi mmoja aliyeuliza.

Usiwape majina na miaka, watakimbia. Weka picha mbili, ya zamani na ya Baroko, uwaulize nini kimebadilika, halafu unyamaze. Najua hapo pa kunyamaza patakushinda.

Jambo moja la ajabu utapenda kuwasimulia: mafundi hawa walikuwa wadanganyifu. Dari ni bapa, wao wanachora mbingu mpaka unadhani paa limetoboka. Na nyumba ikiwa na mlango upande mmoja, wanachora mlango wa pili upande mwingine ili pande zilingane, na bawaba zake na kivuli chake.

Naomba kaburi la Mama Rosa lisafishwe kabla ya mvua. Nyasi za pale hukua haraka.

Mpwa wako,
Donati


Ifakara,
30 Septemba 1956

Mpwa wangu mla mawe,

Marahaba. Jua hapa limewaka mpaka mto Lumemo umekuwa wa kurukwa na mbuzi. Mama yako amenunua blanketi la kukutumia, nami nikamwambia blanketi likipita Kidatu dereva atalilalia na mchumba wake, basi ameliweka sandukuni. Kaburi la marehemu mke wangu nimelisafisha siku ile ile barua ilipofika. Nimezungushia mawe. Nililisafisha kabla hujasema, lakini nimelisafisha tena kwa sababu umesema.

Darasa limekuwa kubwa. Wanatoka mpaka ng'ambo. Nilifanya ulivyoagiza, nikaweka picha na kunyamaza, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Ile ya mtakatifu aliyelegea, macho nusu, mdomo wazi, na malaika ameshika mshale juu yake, ilizua kesi. Wanawake wote wakasema ni homa. Mmoja akasema ni homa ya siku ya tatu, tazama midomo. Wakabishana dawa, mwarobaini au kwinini, na huyo malaika wakamwona ni bwana dawa anayepiga sindano bila adabu. Mimi nanyamaza tu, jasho linanitoka.

Yosefina akasogea karibu na taa, akatazama sana. Akasema, "Huyu hana homa. Huyu ameitwa, na ndiyo kwanza anaitika."

Donati, ubishi wa dawa ukaishia hapo. Hata Kasmiri alifunga mdomo, jambo ambalo mama yake mzazi hajapata kuliona.

Na lile jibu lako la nguzo nilimpa. Siku ya somo lililofuata alikuja na nguzo ya udongo, ya urefu wa mkono, aliyoiviringisha na kuisokota, akaiweka mezani na kulaza kikapu cha mchele juu yake. Ikasimama. Akaniuliza kama hiyo ni Baroko au bado. Nikasema ni Baroko kamili. Ningesema hivyo hata kama ingeanguka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi ni mjane miaka sita. Nataka kumwoa Yosefina, kanisani, mchana, watu waone. Kwetu unajua mjomba hapeleki maneno yake mwenyewe. Maneno ya mjomba hubebwa na mpwa, na mimi mpwa ninaye mmoja tu, naye yuko kwenye theluji anajifunza kudanganya watu kwa rangi. Sema neno lako. Ukikubali, tutatafuta njia. Ukikataa, sina mwingine wa kumtuma, na kumtuma Kasmiri ni sawa na kumpigia kampeni Kasmiri.

Ninakusubiri. Wakati huo huo nimeanza kuipamba nyumba kidogo.

Mjomba wako


Uswisi,
11 Novemba 1956

Mjomba,

Shikamoo. Theluji imeanza. Inaanguka kama pumba za mpunga siku ya kupepeta, lakini bila mpunga. Mbwa wa mwalimu wangu ameugua na masomo yalisimama siku mbili.

Nimefurahi kusikia habari za darasa. Kwa wanaoanza, somo la kuba ni zuri. Waeleze kwamba fundi anachora kuba kwa kuhesabia mtu aliyesimama mahali pamoja tu sakafuni. Ukisogea pembeni, nguzo zote zinaonekana kuanguka. Wengine huweka jiwe jeupe pale pa kusimama. Waeleze pia kwamba kuta zao hazikunyooka, zinaingia na kutoka kama ukingo wa mto. Dhahabu ile si dhahabu tupu, ni mti uliopakwa karatasi nyembamba ya dhahabu. Mbwa sasa amepona.

Kuhusu yale mengine, karatasi imekwisha.

Donati


Ifakara,
20 Januari 1957

Donati,

Wote wazima. Mvua inanyesha. Mama yako anakusalimu.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Chini ya jina lako ilibaki nafasi ya vidole vinne, nimeipima. Ulikuwa na nafasi ya mbwa kuugua na nafasi ya mbwa kupona. Yosefina hukumtaja, si mara hii wala mara ile nyingine. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba niliona.

Haya, nikueleze lililonipata, nawe ucheke mwenyewe huko, maana huku sioni wa kucheka naye.

Nyumba yangu unaijua: niliijenga kabla barabara haijachongwa, basi mlango unatazama mashamba na mgongo unatazama barabara. Mtu anayepita anaona ukuta mtupu. Nikakumbuka barua yako. Nikachukua chokaa, masizi ya sufuria na ule udongo mwekundu wa mtoni, nikachora mlango kwenye ukuta wa barabarani. Mbao, bawaba, kitasa, na kivuli cha kitasa. Juu yake nikafinyanga makonokono mawili ya udongo, kama ile mikunjo ya kwenye kadi zako, na malaika mmoja mnene. Ng'ombe wa jirani alikuja kujikuna kwenye fremu. Nikajua nimeiva.

Nikamwalika Yosefina aje Jumapili jioni kuona Baroko ya kwetu. Sikumwambia zaidi, kwa kuwa sina wa kumwambia kwa niaba yangu. Lakini yeye si mtoto. Nilisikia baadaye kwamba alivaa kitenge kipya na kubeba mtungi aliouchoma mwenyewe, umejaa togwa. Mwanamke wa hapa hambebei mtu mtungi mpya bure bure.

Mimi nikaona Baroko ni kuzidisha. Nikaazima santuri ya Kasmiri, nikaifungulia mpaka mwisho, nikakaa mlango wa kweli, ule wa nyuma, shati jeupe, natazama njia ya mashambani. Akaja kwa barabara, ambako ndiko kwenye mlango. Akasimama mbele yake, jua limekwisha zama nyuma ya nyumba, akapiga hodi. Ndani muziki, kimya cha mtu. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Nawe unajua hodi ya tatu isipoitikiwa mtu mwenye heshima zake anafanya nini. Alijitwisha mtungi wake akaondoka.

Nilikaa pale mpaka santuri ikaishiwa pumzi.

Kesho yake Kasmiri akaja kuchukua mali yake, akaniambia, "Mwalimu, yule mama amepigia hodi ukuta wako. Nilimwona kutoka barabarani, nikadhani ni sala."

Nitasema kweli, kwa kitambo kidogo nilijivuna. Huko Roma wangenipa kazi. Halafu nikakaa chini.

Sasa haji darasani. Anaamini nilikuwa ndani nastarehe, nikamwacha nje kama mdai. Kumfuata mwenyewe nikajieleze siwezi, nitakuwa nimempelekea maneno yangu kwa mdomo wangu, na hapo hata akitaka kunikubali watu wake watakataa. Wanawake wengine wamegoma pamoja naye. Somo lililopita tulikuwa mimi, Kasmiri na taa. Padri Theodori amesema kwa upole kwamba Pasaka ikifika bila wanafunzi, chumba kitawekwa mpunga.

Mpunga siuogopi.

Hermenegildi


Uswisi,
24 Februari 1957

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena na tena.

Nilicheka kwenye benchi la nyuma mpaka mwalimu akaniita mbele nieleze. Nikaeleza. Ndiyo mara ya kwanza darasa hili kunielewa maneno yote. Mwalimu amesema hajapata kusikia mlango wa kuchorwa uliosifiwa hivyo, na anauliza kivuli cha kitasa ulikielekeza upande gani.

Halafu nilirudi chumbani na sikucheka.

Jina la Yosefina sikuliandika kwa sababu ya Mama Rosa. Alinilea, alinivisha shati la komunyo ya kwanza, na nilipoondoka kwenda shule mara ya kwanza alinikuta lorini akanipa wali kwenye jani. Nilikuwa nikifikiri kwamba mimi nikibeba maneno ya kumleta mwingine, nitakuwa nimemfungia yeye mlango. Nimeandika na kuchana mara nyingi. Halafu nikasoma tena pale uliposafisha kaburi lake mara mbili.

Mjomba, nakubali. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ni ya Mama Yosefina, wewe usiisome. Mpe mama yangu avuke nayo. Atasimama mahali pangu na barua yangu mkononi, na atasema yeye ni mimi. Humo nimeeleza habari za mlango, na nimemwomba kwa heshima zote asikilize.

Ushauri wangu wa kitaalamu: paka chokaa ukuta ule uwe mweupe kama zamani. Mtu aliyedanganywa hapendi kuuona tena udanganyifu.

Na umwambie Kasmiri mabawa ya malaika si ya kurukia, ni ya kutujulisha wao ni nani.

Donati,
mpwa wako na mshenga wako


Ifakara,
5 Mei 1957

Mshenga wangu,

Marahaba, marahaba na ya akiba. Barua hii naandika nikiwa nimeshiba, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Mama yako alivuka kutoka Lupiro mto umejaa, mtumbwi unapelekwa na maji kama jani, yeye amekaa katikati na bahasha yako kichwani chini ya kitambaa. Mvuvi aliyempigia kasia ni Kasmiri. Anasema amevua samaki miaka thelathini hajaogopa maji, siku ile alimwogopa abiria. Walipofika Lumemo mama yako akasimama uani kwa Yosefina, akasema, "Mimi ni Donati." Yosefina akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Donati umenenepa." Hapo ndipo mama yako alipojua safari haikupotea.

Kilichosemwa ndani sijaambiwa. Mama yako amekataa, na mwenzake pia. Naona mmeanza kunifichia mambo nyumbani kwangu.

Siku ya tatu Yosefina alikuja. Hakuja peke yake, alikuja na darasa zima, wanawake mbele, Padri Theodori nyuma anajifanya anapita. Walikuja kwa barabara. Nami ushauri wako wa kitaalamu sikuufuata, kwa uvivu na kwa sababu malaika yule alikuwa amenitoa jasho. Mlango ulikuwa bado upo.

Akausogelea, akaupapasa kwa kiganja, bawaba, kitasa, kivuli. Mwanamke wa udongo huyo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini barabarani na wengine wote wakakaa naye. Halafu akafuta macho, akaniuliza mbele ya watu kama ile Jumapili nilimsikia.

Nikasema, "Sikukusikia. Ningekusikia ningekuja nikipita katikati ya ukuta."

Akasema, "Basi pita. Toboa hapa hapa."

Donati, niliwaza makonokono yangu, nikawaza malaika, kisha nikachukua jembe. Kasmiri akashika sururu. Padri akavua kofia, akasema somo hili na yeye hajapata kulisikia popote, akachukua beleshi. Kabla jua halijazama mlango wa Baroko ulikuwa mlango. Malaika aliokolewa, Yosefina alimkata kwa kisu cha kufinyangia. Amemchoma tanuruni pamoja na mitungi, sasa yuko juu ya mlango wa kigango cha Lumemo, mweusi, mnene, bawa moja limepasuka. Hakuna anayekiita kigango ghala tena. Kasmiri humpungia mkono kila akipita.

Tulifunga ndoa Jumamosi iliyofuata ile ya Pasaka. Kabla ya kwenda kanisani, Yosefina alitaka kwanza tupite kaburini kwa Rosa. Alikuwa amebeba ule mtungi, ule wa siku ile. Aliuacha pale, una maji na maua. Mimi sikumwomba. Hili nimeliandika ili ulijue, na sasa utafute leso, maana najua wewe na mama yako mnavyofanana.

Darasa limejaa na mpunga umetafutiwa pengine. Wameuliza baada ya Baroko kuna nini. Nimewaambia jibu ni refu, linakuja kwa posta.

Nyumba sasa ina milango miwili inayotazamana. Upepo unaingia huku unatokea huku, unachukua na vifaranga. Jana nilikwenda mtoni, nikarudi kwa barabara. Nilipofika mlangoni, sijui kwa nini, nilisimama nje ya nyumba yangu mwenyewe nikapiga hodi.

Nikaitikiwa ile ya kwanza.

Hermenegildi, mjomba wako